Beseni la Tatu la Shangazi Mwavita

Kwa nini beseni la tatu lilisafika? Maji yalikuwa yaleyale, yametekwa siku moja kwenye chemchemi moja ya Wamaza. Mazutu, yaani mafuta ya malori, nilipima kwa kijiko kimoja. Bakteria walitoka pipa moja. Beseni la pili lilibaki na utando wake wa rangi nyingi kama mgongo wa mbawakawa, na la tatu, hatua mbili pembeni yake, chini ya paa lilelile, likawa na maji maangavu hata ukaliona ua jekundu lililochorwa chini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa na shahada ya biolojia, na nilikuwa na tabia ya kuuliza kila kitu mpaka watu wa nyumbani wakawa wanahama kibarazani nikitokea. Swali hilo moja lilinishinda.

Limerudi wiki hii pamoja na habari ya kifo. Furaha, niliyesoma naye, alinipigia simu asubuhi nikiwa napiga mswaki. “Profesa Kalonda amekufa. Wanamzika kwao, Kasongo. Unakuja matanga?” Nikasema nakuja. Habari zetu anazijua, kwa hiyo akauliza, “Unakuja kulia ao kuhakikisha?” Nilicheka na povu la dawa mdomoni. Sitamdanganya msomaji. Kwa miaka kumi na moja nilimchukia mtu huyu kwa nidhamu, kama wengine wanavyofunga na kusali, na chuki hiyo ilinifaa kuliko mapenzi mengi niliyowahi kupata. Ndiyo iliyonirudisha chuoni. Nilichagua vijidudu vinavyokula mafuta kwa sababu vilikuwa vyake. Nilitaka siku moja jina langu liandikwe juu ya jina lake katika orodha yoyote, hata iwe orodha ya waliohudhuria mkutano. Sasa amekufa, na mtu aliyekufa hapitwi. Hilo nalo nilimhesabia kama dhuluma.

Mwaka wa mabeseni ulianza kwa ajali. Lori lililopeleka mapipa ya mazutu Kabambare lilipinduka kwenye mteremko juu ya chemchemi ya Wamaza. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Mapipa yalipasuka, mazutu ikashuka polepole kupitia shamba la karanga mpaka mahali wanawake wanapoteka maji. Nilipofika mara ya kwanza, mwanamke aitwaye Mama Feza, anayelima muhogo na karanga karibu na hapo na ambaye wenzake humsikiliza, alijaza kikombe akaninyooshea. “Kunywa, mademoiselle. Weye umesoma.” Nilinusa nikarudisha. “Umeona?” akawaambia wenzake. “Na mie ambaye sikusoma nilifanya vilevile.” Tangu lori lile walikuwa wakitembea hadi kijito cha nyuma ya kilima, kwenda na kurudi, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Nilimwahidi kwamba kabla karanga hazijang'olewa chemchemi yake itanyweka. Hakuna aliyenituma kuahidi. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeajiriwa wiki hiyohiyo.

Aliyeniajiri ni Profesa Kalonda. Alikuwa amerudi Kasongo na mradi, wafadhili kutoka mbali, na mapipa sita ya buluu yaliyosafiri kutoka pwani ya bahari mpaka kwetu, nchi ambayo mawimbi tunayoyajua ni ya mto Lualaba tu. Walipanga nyumba nyuma ya soko, vyumba vitatu chini ya mabati, na joto lake saa saba mchana lilikuwa la kuoka mkate. Chumba cha mapipa kilinuka samaki aliyesahauliwa. Chumba cha katikati kilikuwa na meza, na mezani ndipo aliponifundisha, siku ya kwanza, wakati wa chakula. Tulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mtoni. Alimimina maji katika sahani, akadondosha mawese juu, tone kubwa jekundu likaelea kwa kiburi. Kisha akagusisha kidole chenye sabuni. Tone likakimbia, likavunjika vipande. “Umeona?” alisema. “Kijidudu hakiwezi kumeza tone kubwa. Kwa hiyo bakteria wa baharini, wale wanaoishi mahali mafuta yanapovuja chini ya bahari, wanatengeneza sabuni yao wenyewe. Tone linakuwa vitone. Halafu wanatoa vimeng'enya. Vimeng'enya ni mikasi, mademoiselle. Vinakata mafuta vipandevipande mpaka yanakuwa chakula. Wao wanashiba, sisi tunapata maji.”

Nilimpenda siku hiyo, na ni lazima niliseme, maana chuki isiyoanza hivyo haidumu. Lakini nilikuwa mimi, kwa hiyo niliuliza. “Wametoka maji ya chumvi, Profesa. Maji ya Wamaza hayana chumvi. Wataishije?” “Wamezoeshwa.” “Na nani?” “Na waliotuletea.” “Tumeona wapi kwamba wamezoea?” Dereva wa mradi, aliyekuwa akila nasi, aliweka mfupa wa samaki chini akanitazama kwa huruma. Profesa alitabasamu. “Kula, Zaina. Wali unapoa.”

Nyumba ya mradi haikuwa na kivuli cha kuweka majaribio. Nikaomba kibanda cha Shangazi Mwavita, dada wa baba yangu, ambaye nilikuwa naishi kwake na ambaye alikuwa mpika sabuni. Wanaume wa baiskeli walimletea mawese katika bido, madumu ya plastiki, naye aliyachemsha na soda kali ya kupikia sabuni mpaka mikono yake ikawa na ngozi ngumu kama ya mguu. Uji wa sabuni ukishaiva hutiwa chumvi. Hapo sabuni inajitenga, inapanda juu na kuganda, na maji machafu ya chumvi yanabaki chini. Kabla ya kila hatua alichovya kidole akakigusisha ncha ya ulimi, akatema, akajua. Sikuwahi kumwona akipima kwa kitu kingine. Nilipomweleza habari ya bakteria alisikiliza huku akikoroga. “Kwa hiyo wanapika sabuni?” “Ndiyo, Shangazi.” “Bila moto?” “Bila moto, bila soda.” “Basi uniletee wawili watatu. Mie nimechoka.”

Mabeseni ya mradi yalifika mawili, la tatu lilivunjika njiani nyuma ya pikipiki. Nikamwazima shangazi lake, la bati jeupe lenye ua jekundu, ambalo alilitumia kutilia sabuni ipoe. “Utanirudishia lini?” “Wiki tatu.” “Wiki tatu! Unaona hapa ni duka la mabeseni?” Lakini alinipa. Beseni la kwanza nikatia maji ya Wamaza na mazutu bila kitu kingine. La pili na la tatu nikatia maji, mazutu na kikombe cha kimiminika cha baharini kutoka pipa la buluu, mawili yanayofanana, ili moja limshuhudie mwenzake. Kila beseni nililichora kwa nje mstari wa makaa kuonyesha maji yanaishia wapi. Kila asubuhi na kila jioni niliandika katika daftari. Kwa wiki mbili niliandika neno moja: vilevile.

Wiki ya tatu nilikwenda Wamaza siku mbili kusimamia uchimbaji wa mashimo ya maonyesho. Niliporudi, mavumbi hadi kwenye nyusi, nilipita kibandani kabla hata ya kunawa. Beseni la tatu lilikuwa safi. Nilipiga kelele. Nilikagua mstari wa makaa: maji yalikuwa palepale. Hayakumwagika, hayakupungua. Nikaangalia la kwanza na la pili, utando wake bado. Shangazi alikuwa amekaa akikata miche ya sabuni kwa uzi. “Imekuwa safi?” aliuliza bila kugeuza kichwa. “Safi kabisa, Shangazi! Njoo uone!” “Nzuri. Sasa unaweza kunirudishia?” Nikamwambia hapana, hiyo sasa ni ushahidi. Alifyonza, akaendelea kukata.

Profesa alikuja jioni hiyohiyo. Hakuingia kibandani. Harufu ya soda ilimkera, akasimama mlangoni na leso puani, na mimi nikamsomea daftari kwa sauti, hadi sentensi ya mwisho ambayo niliipenda mwenyewe: *maji ni maangavu kiasi kwamba ua jekundu chini ya beseni linaonekana hadi petali zake.* “Lakini turudie, Profesa. Mawili yalikuwa sawa na moja tu ndilo lililosafika. Hatujui kwa nini.” “Mademoiselle, sayansi inaanza na moja.” “Inaanza na swali.” “Wageni wanafika keshokutwa. Nipe hilo daftari.” Nilimpa. Ninakumbuka alivyolipokea kwa vidole viwili, kwa sababu jalada lilikuwa na mafuta ya sabuni.

Wageni walikuwa watano, nao waliketi katika ukumbi wa parokia na wakubwa wa mji. Mimi niliketi nyuma, karibu na mlango, na niliona aibu ya furaha, kama mtu anayejua kwamba muda si mrefu ataitwa asimame. Profesa alizungumza nusu saa. “Katika majaribio yangu,” alisema. “Nilipotazama ndani ya beseni,” alisema, yeye ambaye hakuvuka kizingiti. Kisha akasoma: maji ni maangavu kiasi kwamba ua jekundu chini ya beseni linaonekana hadi petali zake. Wageni walinong'ona kwa kupendezwa. Aliinua kichwa kutoka kwenye daftari langu na macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya kiti.

Chakula kililiwa nyumbani kwa mradi. Wakubwa walikula chumba cha katikati, mbuzi na wali wa mafuta, sisi wengine nyuma ya nyumba, chini ya dirisha lililokuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilikuwa na tonge mkononi niliposikia mgeni mmoja akiuliza, “Na yule binti anayekusaidia, ana akili?” Profesa alitafuna kwanza. Nilimsikia akitafuna. “Ana mikono mizuri,” alisema. “Kichwa ninacho mimi.” Wakacheka, si kwa ubaya hata, kwa shibe. Dereva aliyekaa mbele yangu alikuwa amesikia pia. Alisukuma sahani ya nyama upande wangu, na wema huo uliniumiza kuliko maneno. Wengine wanasema hasira inapofusha. Yangu ilinipa macho. Tangu chakula kile nilianza kuona vizuri.

Nilirudi kibandani nikainama juu ya beseni la tatu. Nilitaka nipate jibu kabla yake, nimpige nalo. Nilinusa: mazutu ilikuwa hewani kutoka mabeseni mengine, basi. Nilitazama ukingo: chembe nyeupe zimekauka kwenye mkunjo wa bati. Kisha, bila kufikiri, nikafanya nilichomwona shangazi akifanya tangu utotoni. Nikachovya kidole nikakigusisha ncha ya ulimi. Chumvi. Nikaonja la pili. Hakuna chumvi. Nilikaa chini kwenye udongo nikacheka peke yangu. Jibu lilikuwa zuri mno. Beseni la tatu lilikuwa la sabuni, na miaka ya sabuni ilikuwa imeacha chumvi katika kila ufa wake. Bakteria wa baharini walikuwa wamekuta bahari ndogo humo, wakaamka, wakafanya kazi. Katika beseni la pili walikufa kwa maji matamu, kama nilivyouliza siku ya kwanza juu ya sahani ya sombe. Nilikuwa sahihi. Yeye alikuwa amesimama mbele ya watu akatangaza muujiza asioujua mlango wake, na ufunguo ulikuwa kwenye ulimi wangu. Ningeweza kurudia jaribio kwa chumvi ya sokoni, lakini mapipa yalikuwa yamekwisha kupelekwa Wamaza, na kusema kweli sikuona haja. Nilikwenda nikamsaidia shangazi kupanga miche, nikiimba.

Siku iliyofuata Profesa aliniita. Alikuwa na wasiwasi. Mtu mmoja katika wageni alikuwa ameuliza swali lilelile nililouliza mimi kuhusu la pili na la tatu. “Zaina, lile la tatu. Ulitia kitu kingine?” Alikuwa amenitaja kwa jina, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, karibu ya kirafiki. Dirisha lilikuwa nyuma yake, lile lile. “Hakuna, Profesa,” nilisema. “Kama mengine.” “Una hakika?” “Iko kwenye daftari.” Akatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo ninajua ilivyokuwa ladha ya sentensi hiyo mdomoni. Ilikuwa na chumvi.

Watu wa Wamaza walingoja tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya Jumapili, na Mama Feza alikuwa ameleta kikombe kilekile, amekisugua kwa mchanga hadi kikang'aa. Mpango ulikuwa rahisi: mashimo mawili yamejazwa maji ya chemchemi na utando wake siku tano kabla, moja likatiwa mapipa mawili ya buluu, jingine likaachwa. Wageni watazame, wapige picha, kisha wote waendelee hadi Kabambare ambako mkubwa wa teritwari alikuwa amewaandalia chakula. Nilijua hali ya mashimo hayo tangu alfajiri kwa sababu nilifika kabla ya wageni. Yalikuwa mapacha. Utando wa hili, utando wa lile. Bakteria walikuwa wameongeza harufu tu.

Profesa alifika akaanza kuzungumza kabla hajatazama. Kisha akatazama. Aliendelea kuzungumza kidogo zaidi, kama kuku aliyekatwa kichwa anavyoendelea kukimbia. Mgeni mmoja alichuchumaa, akatia kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanusa, akatafuta kitu cha kujifutia. Mama Feza alisogea hadi ukingoni. “Profesa,” alisema, “wadudu wako wa bahari wamelala?” Wanawake wakaanza. “Wamechoka safari!” “Wameogopa maji yetu!” “Wape kwanza bukari, wako na njaa!” Mama mmoja mzee alipiga magoti kwenye shimo akaita hodi, na hata wageni wakacheka. Profesa aligeuka akanitafuta. Safari hii macho yake hayakupita. “Zaina,” alisema, “waeleze. Lile beseni. Waeleze ilivyokuwa.” Watu wote walinitazama, watano wa mbali, wakubwa wa mji, Mama Feza na kikombe chake. Nilikuwa nimesubiri siku sita. “Mimi nina mikono tu, Profesa,” nilisema. “Kichwa unacho wewe.”

Alielewa papo hapo. Niliona ikimwingia: dirisha, mbuzi, kicheko. Wageni walipanda magari yao wakaenda Kabambare kwa chakula chao, na kwa sababu ambayo hakuna aliyeitamka hawakumwachia nafasi. Ilibaki pikipiki moja ya kukodi. Tukarudi Kasongo watatu juu yake, dereva wake mbele, Profesa katikati, mimi nyuma, magoti yangu yakigusa mapaja yake kila shimo, na kila shimo nikamsikia akivuta pumzi. Dereva, kijana mchangamfu, aliuliza kama tunatoka harusini. Tulipofika kwenye mto mdogo tukashuka ili avushe pikipiki, Profesa alisimama na viatu mkononi. “Ulijua halitafanikiwa,” alisema. “Nilijua.” “Tangu lini?” “Tangu ulipowaambia nina mikono mizuri.” Alitikisa kichwa taratibu kama mwalimu aliyepewa jibu kamili. Akavuka. Hatukuzungumza tena, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Mradi ulifungwa. Walikuja kuchukua mapipa yaliyobaki, hata yale matupu. Chuoni, nilisikia, walimpa ofisi isiyo na dirisha na kozi ambayo hakuna aliyeitaka. Nilikula habari hizo kama karanga, moja moja. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kulila. Nilirudi Wamaza mara moja tu, karanga zilipokuwa zinang'olewa. Mama Feza alikuwa akishuka kilimani na mtungi, shingo imenyooka, miguu imejaa tope la njia ndefu. Hakunikaripia. “Mademoiselle,” alisema, “siku ile ulimjibu vizuri sana. Tulicheka mpaka nyumbani.” Kisha akapita. Nilikuwa na ufunguo, niliwaza, na nikautupa ili nipate sentensi moja. Chumvi kidogo katika shimo, neno moja dirishani, na mwanamke huyu angekuwa anateka maji mlangoni kwake. Chemchemi ilikuja kunyweka baada ya misimu kadhaa ya mvua, baada ya wanawake wenyewe kuchota tope kwa vikapu. Hakuna bakteria wa baharini aliyehusika. Kwa miaka kumi na moja nilibeba haya mawili pamoja, fahari na aibu, na kila nilipopungukiwa na moja nilijifuta jasho kwa nyingine. Sikumwambia mtu habari ya chumvi. Ilikuwa yangu, kitu pekee ambacho hakuniibia.

Kwa hiyo nilikwenda matanga. Nilisimama mbele ya jeneza nikiwa na kitenge kizuri. Uso wake ulikuwa mdogo. Nilisubiri furaha, ikaja nusu, ikakaa pembeni kama mgeni asiyejua atakaa wapi. Nikatoka, nikaenda kwa Shangazi Mwavita. Hapiki tena sabuni, viganja vyake vimekataa, lakini kibanda kipo na beseni la ua jekundu lipo, limetoboka, limepandwa vitunguu vya majani. Niliingia ndani kubadilisha nguo. Uani alikuwa amekaa na jirani yake, Mama Sifa, wakichambua mchele wa kupeleka kwa wafiwa, na kwa kuwa nilikuwa ndani waliongea kama sipo.

“Ni yule profesa wa wadudu?” aliuliza Mama Sifa.

“Ni yeye. Zaina alimufanyia kazi hapa hapa. Aliniazima beseni, ile ya vitunguu, akatia mazutu ndani! Mu beseni ya sabuni! Wiki tatu. Akaenda zake Wamaza, na mie niko na sabuni ya kupoza, watu wa soko wananingoja. Ningefanya nini?”

“Ukamwaga.”

“Nikamwaga, nikasugua na majivu, nikapika sabuni yangu, nikaitilia humo. Ilipoganda nikatoa. Halafu nikasema, aa, huyu mutoto atanifokea. Sikusuuza hata, niliona pikipiki yake inakuja kule chini. Nikajaza maji ya kisima mpaka ku mustari wake wa makaa, palepale.”

Nilikuwa nimesimama na mguu mmoja ndani ya nguo.

“Hakujua?” aliuliza Mama Sifa.

“Alifurahi! Alipiga kelele, njoo uone, njoo uone. Ningemwambia nini? Maji nilimurudishia,” shangazi alisema, na nikasikia mchele ukipepetwa. “Mazutu ndiyo sikurudisha.”